Kamati ya Kibodi Isiyosikika

Kwa mamlaka niliyokabidhiwa na Ofisi ya Mkuu wa Shule, mimi, Kiranja wa Ukimya na Katibu wa Kamati Maalumu ya Uchunguzi wa Mlio wa Kibodi, ninayo heshima kubwa kuujulisha umma kwamba uchunguzi umekamilika, ukweli umepatikana, na hakuna aliyeumia isipokuwa waliostahili.

Mamlaka hayo nilikabidhiwa siku ya Jumanne, nyuma ya jiko, kichwa changu kikiwa ndani ya sufuria kubwa ya shule nikikwangua ukoko, adhabu ya kosa jingine lisilohusiana na taarifa hii. Mkuu alisimama, akanitazama miguu, akasema, "Wewe si ndiye mwenye mwandiko mzuri? Toka humo." Ndivyo viongozi wanavyopatikana.

Kwanza historia. Mkuu alihudhuria semina ya siku tatu kuhusu Utendaji Unaosikika. Alirudi na cheti, begi la bure na kibodi mbili za kompyuta. Hazikuwa zile za mpira laini, ambazo ukibonyeza ni kama unamfinya mtoto shavu. Katika hizi kila kitufe kina swichi yake na springi yake, na ukikibonyeza kinasema ta! kama mtu anayevunja mfupa kwa jino. Moja alijichukulia mwenyewe. Ya pili, pacha wake, alimpa Mama Karani, ambaye kwa miaka kumi na moja ameandika barua, mitihani na ruhusa zote za shule hii.

Wiki moja baadaye, Jumatatu, ukatoka waraka. Ulibandikwa kila mahali, hata mlangoni mwa choo cha wageni:

"Kazi isiyosikika haijafanyika. Kuanzia leo bidii ya ofisi itapimwa kwa desibeli. Mtumishi yeyote atakayesikika chini ya hamsini atahamishiwa stoo kuhesabu mafagio."

Mwalimu wa Fizikia, tunayemwita Volti kwa kuwa ukimgusa unajuta, alipewa uenyekiti wa kamati kwa sababu simu yake ina programu ya kupima kelele. Bwana Stoo, mtunza mali wa shule, akawa mjumbe kwa sababu hakuwa na pa kujificha. Nami nikawa Katibu.

Tulianza kwa Mkuu. Mlango wake ulikuwa umefungwa, maana Mkuu akifanya kazi hapendi kuonekana. Volti akaielekeza simu kwenye tundu la kitasa. Kutoka ndani ilimwagika tatatata moja ya kutisha. Desibeli themanini na mbili.

Tukaenda chumba cha pili, kwa Mama Karani, mlango wazi. Vidole vyake vilikuwa vinaruka kama vya mpishi anayekata kitunguu. Arobaini na nne. Nzi aliyekuwa dirishani alipata arobaini na sita.

"Mama," Volti akauliza kwa upole wa kiserikali, "unaandika kweli?"

"Mwalimu, hiyo karatasi uliyoshika ni barua yako ya likizo. Imeandikwa na nani, panzi?"

"Ndiyo, lakini haisikiki."

"Basi irudishe, nikupe likizo inayosikika."

Volti aliikunja barua haraka, akaitia mfukoni. Akaeleza kwamba Ijumaa ya wiki ijayo Mkaguzi wa Bodi atakuja, na kwamba bila hamsini itakuwa stoo. Nafasi ya Mama Karani ilikwishapata mtu: mpwa wa Mkuu, kijana mwenye wiki tatu za kozi ya kompyuta na vidole viwili vinavyojua kazi.

Mama Karani alivuta mtoto wa meza, akatoa kipulizio chake cha pumu, akakisimamisha mbele yetu bila kukitumia. "Mle stooni kuna vumbi la tangu shule ijengwe," alisema. "Mimi na vumbi hatusalimiani. Katibu, umeandika hilo?"

Niliandika. Kalamu ilisita kidogo. Nikaisukuma.

Swali la kamati likawa la kisayansi: kibodi mbili, kiwanda kimoja, sanduku moja. Kwa nini moja ingurume na nyingine inong'one?

Volti alianza na meza. Alisema ubao mzito humeza mlio, na meza nyembamba yenye mitoto mitupu huukuza, kwani debe tupu haliachi kuvuma. Bwana Stoo akaleta meza ya mbao nyembamba, tupu kabisa, iliyotikisika hata ukiitazama. Mama Karani akahama na kibodi yake. Arobaini na tano.

Basi ni chumba. Mafaili, mapazia na zulia hunywa sauti kama mchanga unavyokunywa maji. Tulitoa mafaili yote ya miaka kumi na moja tukayapanga koridoni, tukashusha mapazia, tukakunja zulia. Chumba kikabaki kitupu, hata Bwana Stoo aliposema "Jamani!" ukuta ulimjibu "mani!" Kibodi: arobaini na sita. Bwana Stoo: sabini na moja. Alipongezwa kwenye kumbukumbu.

Vifuniko vya herufi navyo tulivikagua. Chepesi hupiga kelele nyembamba, kinene hutoa sauti ya chini. Vya Mama Karani vilikuwa kama vya Mkuu, kwa mujibu wa picha ya kwenye sanduku.

Vikabaki vidole.

"Bonyeza mpaka chini, Mama," Volti alimsihi. "Kwa hasira. Mfikirie mtu."

Mama Karani alimtazama yeye, akabonyeza. Arobaini na nane!

"Hivyo hivyo! Mbili tu zimebaki!"

"Mwalimu, hii swichi ukiibonyeza nusu, herufi imeshatoka. Hiyo nusu nyingine ni kuipiga meza bila kosa. Mimi naandika, sitwangi." Akarudi kwenye arobaini na nne yake.

Hapo ndipo Volti alipopata wazo la hatari. "Tuifungue," akasema. "Tuone tumboni kuna nini."

Katibu aliomba nafasi ya kuzungumza. Katibu aliikumbusha kamati kwamba kufungua mali ya shule ni jambo zito, linalotaka kibali cha maandishi, muhuri, na sahihi ya Mkuu, na kwamba Mkuu yuko kazini, hebu msikilizeni. Tukamsikiliza kupitia ukuta. Tatatata. Hoja ya Katibu ikapita bila kupingwa.

Kuanzia siku hiyo tulimpima Mkuu kila siku, saa nne mpaka saa tano asubuhi, ili tujifunze kwa aliyefaulu. Hakushuka kamwe chini ya themanini na mbili. Wala hakupanda. Mtu wa msimamo. Zaidi ya hayo, kila siku ilipofika saa nne na dakika kumi na saba, sauti ya mwanamke ilisikika humo ndani ikisema: "Baba Mapacha! Unatwanga nini huko? Njoo umshike mmoja!"

Tuliiandika: "Mdau wa nje anatoa maoni." Tulijadili maana ya "umshike mmoja," tukakubaliana kwamba maneno hayo yanahusu kuwakamata watumishi wazembe, mmoja baada ya mwingine. Mkuu hakumjibu hata siku moja. Aliendelea kuandika. Kamati iliguswa na nidhamu hiyo.

Ijumaa ikafika. Mkaguzi ni mama mfupi anayevaa raba, ndiyo maana hakuna aliyemsikia akiingia. Saa nne na dakika kumi tulimkuta tayari koridoni, amesimama katikati ya mafaili, anatusubiri sisi. Mkuu alitokea upande wa nyumba za walimu akikimbia, tai begani, na juu ya tai doa jeupe la maziwa.

"Karibu sana, Mkaguzi! Samahani, nilikuwa ofisini naandika."

"Ofisi ipi?"

"Hii hapa."

Mkaguzi akageukia mlango. Mlango ukasema tatatata.

"Na sasa anaandika nani?"

Mkuu alilifunika doa la maziwa kwa kiganja.

"Huo ni mwangwi," Mkuu akasema.

"Mwangwi hupungua," Volti alisema. Sayansi ilimtoka kabla hajaizuia.

Saa ya koridoni ikafika dakika ya kumi na saba. "Baba Mapacha!" mlango ukaita. "Unatwanga nini huko? Njoo umshike mmoja!"

"Huyo ni mdau," nilimweleza Mkaguzi, kwa kuwa ni kazi ya Katibu kufafanua.

Mlango ulifunguliwa. Ndani hapakuwa na mtu. Hapakuwa hata na kibodi. Ile iko nyumbani kwake, alikorekodia. Juu ya meza kulikuwa na spika, ukubwa wa kikombe, imewekwa juu ya mtoto wa meza uliotolewa na kugeuzwa mdomo chini ili ivume vizuri. Kumbe mambo ya debe tupu Mkuu aliyajua kabla yetu. Mkaguzi akaizima.

"Pimeni sasa," alisema.

Volti akapima. "Ishirini na nane. Hiyo ni feni."

"Nimeusoma waraka wako, Mkuu. Uko chooni. Chini ya hamsini anakwenda wapi?"

Bwana Stoo, bila kuambiwa, alitoa ufunguo wa stoo mfukoni akaufuta vumbi kwa shati.

Lakini mfa maji haachi kutapatapa. "Na huyu je?" Mkuu alipiga kelele akimnyooshea kidole Mama Karani. "Arobaini na nne! Amehujumu kibodi ya shule! Ifunguliwe!"

"Kibali..." nilianza.

"Nimetoa kibali!"

"Na muhuri..."

"Fungueni!"

Skrubu zilikuwa nane. Niliijua idadi yake, ila sikusema. Kifuniko kilipotoka, ndani palikuwa na sponji ya bluu, imekatwa vizuri ikaenea kila kona, na swichi zote zilikuwa zinang'aa kwa grisi.

"Aaa!" Volti aliruka kama mtu aliyeona mwezi. "Ndiyo hii! Kasha tupu hulia, likijazwa sponji linanyamaza. Grisi nayo inaua ile ta! Meza haina kosa, chumba hakina kosa, Mama hana kosa!"

"Kaweka mwenyewe!" Mkuu akasema.

"Mimi?" Mama Karani alicheka. "Mimi hata kubadilisha balbu naita mtu."

Volti akaichomoa sponji, akaigeuza. Nyuma yake ulikuwepo wino mweusi, muhuri ule unaogongwa kwenye kila godoro la bweni. "Katibu, andika. Namba arobaini na saba."

"Naandika."

"Arobaini na saba ni kitanda cha nani?"

"Bado naandika."

"Arobaini na saba," Bwana Stoo akasema taratibu, akinitazama kama mtu anayesoma barua ya msiba. "Si ndiye aliyekuja kuniomba godoro jipya, akasema panya?"

Niliiweka kalamu chini. Nadhani hata ishirini na nane haikufika.

Wananchi, darasa letu na ofisi ya Mama Karani zinatenganishwa na ukuta wa mbao. Kipindi cha kujisomea cha mchana mimi hulala, kwani Kiranja wa Ukimya lazima aonyeshe mfano. Kibodi ile ilipokuja, sikupata usingizi siku tatu. Jumamosi nilipotumwa kupangusa ofisi yake, nilikwenda na bisibisi, kipande cha godoro langu na grisi ya bawaba za geti. Jumatatu ukatoka waraka. Ningesema siku ile ile ningerudi sufuriani. Basi nikanyamaza, nikaandika arobaini na nne, arobaini na tano, arobaini na sita, kwa mwandiko mzuri.

"Nilijua," Mama Karani alisema.

Kamati nzima ikageuka.

"Mtoto anayepangusa kibodi moja dakika arobaini, tena haimbi? Nilijua. Ila ilikuwa nzuri. Kibodi ikinyamaza, ukuta unaongea. Kila siku namsikia mke wa Mkuu humo ndani akiita, na huku dirishani namwona anaanika nepi. Mnadhani nani aliandika barua ya kumwalika Mkaguzi? Mkuu alinitajia saa nane. Kidole changu kikaandika saa nne."

"Kwa nini hukunitaja, Mama?" nilimuuliza.

"Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe, mwanangu. Umenichelewesha."

Mapacha bado hawalali, na Mkuu sasa yuko stoo kwa muda wa mwezi mmoja. Bwana Stoo anasema anahesabu mafagio kwa sauti kubwa. Mpwa amerudi kumalizia wiki ya nne ya kozi. Sponji imerudishwa kwenye kibodi kwa ombi la Mama Karani, nami nalalia tundu lake godoroni kila siku, ubavu wa kulia.

Adhabu yangu ni kuichapa taarifa hii kwenye kibodi hiyo hiyo, Mama Karani akisoma nyuma ya bega langu. Amerudi mwanzoni, pale niliposema hakuna aliyeumia isipokuwa waliostahili.

"Wiki mbili nilikuwa naota stoo," alisema. "Ongeza sentensi. Na hiyo ibonyeze mpaka chini."

Nilimkosea Mama Karani, na nilijua.

Volti alikuwa anapita na simu yake. Anasema, sponji na grisi na yote, sentensi hiyo imefika hamsini na mbili.