Dawa ya Kidole cha Mzee Nchagwa

Selestine alikuwa mnadani Mugumu, hana biashara wala nauli, alipomwona mzee Nchagwa wa Nyansurura akitembelea kisigino. Watu wengine waliona mzee anachechemea. Selestine aliona mteja.

Alimwamkia shikamoo kwa unyenyekevu mkubwa, akamkalisha, akamvua buti. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umezama nyamani upande mmoja, na nyama imevimba, nyekundu. Selestine, ambaye wiki iliyopita alikuwa akiuza sumu ya panya Tarime, alitikisa kichwa kibingwa.

Mzee akafunguka. Jumamosi alitakiwa Nyambureti, kwa mzee Daudi, ambaye mwanawe alikuwa anamwoa binti yake, kuchagua ng'ombe wa mahari. Kazi hiyo haifanywi kitini. Unaingia zizini, unawazunguka, unawashika mbavu. Akishindwa, Daudi atamsukumia vikongwe visivyo na meno. Na ng'ombe hao hao ndio kijana wake Vicent alikuwa anawasubiri ili naye aoe, maana kwao mahari ya dada ndiyo inayompatia kaka mke. Mzee alisema wazi kwamba anaogopa.

Selestine akamwuzia dawa: chumvi ya mawe iliyosagwa pamoja na unga wa juisi nyekundu. Juu yake akaweka masharti, kwa kuwa masharti magumu ndiyo bima ya tapeli. Mgonjwa asipopona, ameyavunja.

"Loweka mguu kwenye maji ya vuguvugu, asubuhi, mchana na jioni, halafu ukaushe vizuri," alisema. "Pachika pamba safi chini ya kona ya ukucha, ubadilishe kila siku. Usichokonoe kwa kisu. Na buti hapana, vaa ndala."

Maneno hayo aliyasikia kwenye foleni ya zahanati fulani, alikokwenda kuuza miwani. Aliyachagua kwa sababu yanachosha.

Angeishia hapo, angekula na kulala salama. Lakini tamaa ya Selestine haikuwa na breki. Siku hiyo hiyo akadandia bodaboda hadi Nyambureti, akamnong'oneza mzee Daudi kwamba yeye ndiye mganga wa Nchagwa, na kwamba kwa beberu mmoja tu kidole kile hakitapona kabla ya Jumamosi. Daudi, ambaye kwa kweli alikuwa na vikongwe vya kuondoa, hakubisha bei. Selestine akamwuza beberu njiani. Kulipwa na pande zote mbili bila kufanya chochote, hiyo ndiyo kazi aliyoitafuta tangu aache shule.

Asichokijua ni kwamba mzee Nchagwa alikuwa na mke, na mke huyo ni mama Veronika. Mama Veronika hakuruka sharti hata moja. Mzee akijaribu kutoroka kwenda malishoni, beseni linamfuata mlangoni. Alikasirika, akalalamika, akalowekwa.

Jumamosi Selestine naye alikwenda Nyambureti, kwa kuwa penye mahari pana nyama. Alikuwa na mfupa mkononi mzee Nchagwa alipoingia zizini na ndala zake, akikanyaga kwa mguu mzima. Vikongwe akavisukuma kando kwa fimbo. Akachagua mitamba walionona, mmoja baada ya mwingine, Vicent akitabasamu nyuma yake. Daudi hakuwatazama ng'ombe hata kidogo. Alikuwa anamtazama Selestine.

Kisha Nchagwa akaomba kusema neno.

"Mkwe, mtu aliyeniponya ni huyu hapa," alisema. "Huyu mtamba mweusi ni wangu sasa. Nampa yeye."

Akina mama wakapiga vigelegele. Selestine alitaka kulia kwa furaha. Ng'ombe mzima, na wa halali!

Mzee Daudi akamsogelea, akampa mkono, na hakuuachia.

"Hongera, daktari," alisema kwa upole. "Kutoka hapa mpaka Mugumu utamswaga kwa miguu, na pori lile unalijua. Vijana wangu watakusindikiza."

Selestine akawatazama vijana. Kila mmoja alikuwa na fimbo yake, na wote walikuwa wameshasimama.

Ndipo akatangaza kwamba mganga wa kweli hapokei mifugo. Mzee Nchagwa alifuta machozi mbele za watu. Mpaka leo Nyansurura nzima inamtaja Selestine kuwa ndiye mganga pekee asiye na tamaa, na wamemtumia salamu nyingi aje wamshukuru, lakini haji.