Chupa ya Jogoo na Simba wa Mnada

Jumatatu, 4 Machi

Shule imekwisha, maisha yameanza! Mjomba ana duka la vitu vya zamani: redio, pasi za mkaa, saa, na rafu nzima ya chupa za chai zenye maua. Leo ametangaza kwamba anahitaji mtu wa kukaa chumba cha nyuma kupanga bei. Kiti kimoja, waombaji wawili: mimi na binamu yangu, mtoto wa shangazi, tunayemwita Bosi kwa sababu hajawahi kunyanyua kitu. Jumamosi ndiyo hukumu. Atakayekosa kiti anakwenda saluni ya shangazi, ng'ambo ya barabara, kupokea wateja.

Kupokea wateja! Kusema karibu, kuuliza habari za nyumbani, kuchekacheka. Siku nzima! Mimi ambaye muuza mkate akinipa mkate wa jana namshukuru.

Kile kiti lazima kiwe changu.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata mbinu. Bosi hukisia bei kwa kuangalia viatu vya mteja. Mimi nitatumia ushahidi! Kuna mnada wa vitu vya kale mtandaoni, na minada iliyopita bado inaonekana: picha, bei ya mwisho, jina la mshindi. Tatizo, baada ya muda hufutwa. Kwa hiyo nahifadhi kila ukurasa kabla haujapotea. Nimehifadhi tangu asubuhi. Kidole gumba kinauma. Simu ikalalamika imejaa, nikafuta picha zangu za mahafali. Katika zote nimefumba macho.

Mama akauliza kama naandikiana na mvulana. Nikasema hapana, naangalia chupa za chai. Akanigusa paji la uso kupima homa. Nadhani mvulana angempa nafuu.

Jumatano, 6 Machi

Ugunduzi! Chupa ya bati yenye jogoo mwekundu, kifuniko kimebonyea upande mmoja. Imeuzwa mara tano, na kila mara bei inapanda! Mara ya mwisho ilifika bei ya baiskeli nzuri. Muuzaji ni mmoja, anajiita Malkia wa Chai. Mshindi naye ni mmoja, Simba wa Mnada. Maana yake Simba ana majogoo matano, yote yamebonyea palepale. Natumaini siku moja nami nitapendwa hivyo.

Na kwenye rafu ya mjomba, nyuma kabisa, kuna chupa ya jogoo! Haijabonyea, lakini hakuna aliyekamilika.

Nikamnong'oneza mjomba. Akaniomba nirudie kwa sauti ya binadamu. Nikarudia. Akakaa chini. Bosi, aliyekuwa anakunywa maji mlangoni, akapaliwa. Akasema bei hizo ni upuuzi mtupu, tusiziamini hata kidogo. Wivu huo!

Alhamisi, 7 Machi

Malkia ameweka jogoo mnadani tena! Mjomba amepiga hesabu: tukiwa na jozi, Simba atatulipa bei ya pikipiki. Amechukua akiba ya kupaka rangi kibao cha duka, akajiandikisha mnadani kwa jina la Mtaalamu Mkuu. Akanionya kwamba kama nimemwingiza mjini, Jumatatu nitakuwa saluni kabla hata ya vioo kufutwa. Nikamwonyesha kurasa zangu zote tano. Akatulia.

Jioni, vita! Mjomba akapandisha bei, Simba akapandisha. Mjomba akavua koti. Simba hakuogopa koti. Muda wote huo Bosi amejikunja kwenye kochi bovu, anabofya simu yake, jasho linamtiririka. Nikamwambia aache michezo, ukoo uko vitani. Mara simu yake ikaisha chaji, akapiga kelele kama kabanwa na mlango. Na dakika ileile, bahati iliyoje, Simba akanyamaza!

Tumeshinda! Mjomba aliruka mpaka akagonga taa.

Ijumaa, 8 Machi

Mzigo umefika. Umeletwa na shangazi, kwa miguu, vibanio vya nywele vimejaa kwenye aproni. Nikadhani amekutana na mleta mzigo njiani. Akasimama mlangoni, akauliza ni nani hapa anayejiita Mtaalamu Mkuu. Mjomba akainua mkono polepole.

Basi shangazi akamshukuru kwa moyo wote. Akaeleza kwamba Malkia wa Chai ni yeye, na kwamba kuna kichaa fulani, Simba, ambaye kila shangazi akiuza chupa yake moja, hushinda, kisha halipi! Inambidi aiweke upya, picha ileile, jogoo yuleyule. Leo hatimaye kapata muungwana.

Tukasikia kishindo. Bosi alikuwa anatoka kwa dirisha la nyuma, suruali imenasa kwenye komeo.

Alikiri akiwa ananing'inia kwamba Simba ni yeye. Alitaka tu kumpandishia mama yake bei kidogo, lakini kila mara anapanda mno, anabaki peke yake huko juu. Shangazi akavuta mguu mmoja, mjomba mwingine, kila mmoja na tusi lake, mpaka mjomba akaanza kucheka, akakalia redio, redio ikawaka baada ya miaka! Shangazi akacheka mpaka vibanio vikamwagika. Pesa hakurudisha. Alisema biashara ni biashara, shemeji.

Mimi nilicheka nyuma ya kabati. Kisha nikakumbuka Jumatatu, nikaacha.

Jumamosi, 9 Machi

Hukumu! Mjomba akasema wote tumemtia hasara, ila mimi kwa bidii na Bosi kwa ujanja, na yeye anathamini bidii. Bosi anakwenda saluni. Mimi nitakaa chumba cha nyuma mpaka niuze majogoo yote mawili. Shangazi akasema basi nipewe na mto kabisa, nitazeekea humo.

Nizeekee humo! Nilimkumbatia mjomba mbele ya mteja.

Jumapili, 10 Machi

Nimejifunza mengi sana wiki hii. Chupa, basi. Sasa ni saa za mezani! Nimeona moja ya kijani, imeuzwa mara saba. Pembeni amelala paka, na katika picha zote saba hajageuka. Paka mtulivu ajabu. Mshindi ni mtu mmoja, mara zote saba, na bado hajatosheka! Nimehifadhi kila ukurasa.

Imewekwa tena leo, mnada unafungwa baada ya muda mfupi. Mjomba kasinzia, simu yake iko hapa mezani. Nitamfurahisha akiamka.