Umeme Ukifika Boko Umechoka

Jumamosi, 4 Januari 2025

Leo ndiyo leo. Mashine imeingia! Kabati la mbao refu kunizidi mimi. Ndani kompyuta ya mezani, mbele kioo kikubwa, chini ya kioo fimbo mbili na vitufe kumi na viwili. Gemu la mpira, gemu la ngumi, gemu la magari. Boko nzima hakuna nyingine. Nimeiunda kwa mikono yangu, miezi mitatu, huku watu wakinicheka.

Imekaa kwenye fremu ya biashara ya mke wangu, Herieth. Yeye ni fundi cherehani. Nilimwomba nusu, akanipa nusu. Akaniambia shule zinafunguliwa tarehe kumi na tatu, ana sare arobaini za shule ya Mwalimu Jovina, kwa hiyo nisimvurugie. Nani anamvurugia?

Plagi iko upande wake na waya wangu haukufika. Nikaunga waya mwingine, nikafunga solotepu nyeusi, nikaulaza sakafuni na kutandika zulia jekundu juu yake. Huwezi kujua kama kuna waya. Juu ya zulia nikaweka kiti changu. Kiti cha ofisini, cha kuzunguka, magurudumu matano. Nilikuwa karani wa ofisi ya mizigo miaka kumi na moja. Waliponipunguza walinipa barua. Kiti nilijipa mwenyewe.

Godlisten akapita. Huyu ni shemeji yangu, mdogo wake Herieth, fundi umeme, na anataka dunia nzima ijue hivyo. Akauliza nani kafunga umeme hapa. Nikamwambia mimi. Akacheka. Krismasi ya mwaka juzi alisema mbele ya ukoo mzima kwamba shemeji hawezi hata kubadilisha balbu. Sijasahau. Sitasahau mpaka nazikwa. Nikamwambia hapa hatuhitaji fundi.

Mteja wa kwanza: Badru, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda. Alicheza mpira nimesimama pembeni, akafunga mabao manne. Roho kwatu. Nikaketi kumtazama, mguu juu ya mguu, kama bosi. Mashine ikazima.

Nikaruka kitini na kuipiga kofi ubavuni. Ikawaka! Badru akasema ina kichaa. Nikamwambia imezidiwa na furaha.

Jumapili, 5 Januari

Tumetoka kanisani, tumefungua mchana. Nimeketi, na Herieth akanyanyua pasi. Zima! Nikainuka kwa hasira, nikapiga kofi. Ikawaka. Ushahidi umekamilika. Ni pasi.

Herieth alisema pasi hakuwa ameichomeka bado. Nikamwomba asiingie kwenye mambo ya kitaalamu. Pasi ya umeme nimeifungia kwenye kabati la vitambaa. Ameenda kuchukua pasi ya mkaa ya marehemu mama yake. Alinuna, lakini biashara haijengwi kwa kubembelezana.

Kuanzia saa tisa nilisimama mlangoni kuita wateja. Mashine haikuzima hata mara moja. Nilijua tu ni pasi.

Jumatatu, 6 Januari

Imezima mara tatu. Kila mara nilikuwa nimetulia zangu kwenye kiti, nafurahia mali yangu. Kila mara nimeinuka, kofi, imewaka. Kiganja kinaniuma.

Pasi haipo. Imebaki nini? Mota ya cherehani. Nimeichomoa. Nimemtolea Herieth cherehani la kukanyaga. Akasema goti lake la kulia ni bovu, na mimi nalijua hilo goti, maana tulilipeleka wote hospitali. Nikamwambia siku chache tu.

Akakanyaga mpaka jioni. Kila nikigeuka nasikia lile cherehani, kaka-kaka-kaka, linasimama, halafu kaka-kaka tena. Nikaongeza sauti ya gemu.

Jumanne, 7 Januari

Nimeita watu wa umeme. Akaja jamaa na kipimo chake, akakichomeka kwenye plagi, akasema umeme mzima kabisa, hauna tatizo. Nikamuuliza kama ana uhakika. Akasema, "Mzee, mie kipimo hakinidanganyi." Mzee! Nina miaka arobaini na sita.

Nimewaza sana. Umeme unatoka Kinyerezi, kule kwenye mitambo ya gesi. Unapita Ubungo, unapita Mwenge, unapita Tegeta, kila nyumba inanyonya. Ukifika Boko umechoka! Kipimo kinapima kama upo. Hakipimi kama umechoka.

Nilimweleza Godlisten. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akajitolea kuangalia waya wangu, dakika tano tu, bure. Bure ya Godlisten ninaijua. Itasimuliwa kila Krismasi mpaka watoto wa watoto wake waoe. Nikakataa.

Jumatano, 8 Januari

Kariakoo. Nimenunua pawa saplai mpya, lile boksi la ndani ya kompyuta linalogawa umeme. Muuzaji alisema nzuri huijui kwa maandishi, unaijua kwa uzito. Nikapima moja moja mkononi kama mtu anayenunua papai. Nikachagua nzito kuliko zote. Yule muuzaji akanisifu kwamba nina jicho.

Nyumbani ikawa inagonga ndani nikiitikisa. Nikaifungua. Nyaya chache, na bonge la saruji limegandishwa pembeni. Saruji! Nimebeba zege kutoka Kariakoo hadi Boko nikilipakata kama mtoto mchanga.

Nimerudisha ya zamani. Herieth aliliona lile bonge mezani. Amelichukua, sasa analitumia kukandamizia vitambaa visipeperuke.

Alhamisi, 9 Januari

Joto! Kompyuta ikipata joto inazima, kila mtu anajua. Na joto linatoka wapi? Pasi ya mkaa. Nimemwomba Herieth ahamie barazani na meza yake. Akauliza kama nakumbuka fremu hii ni ya nani. Nikasema ni yetu. Akabeba meza mwenyewe, upande mmoja kwanza, halafu wa pili. Nilikuwa na mteja, la sivyo ningesaidia.

Leo wateja walikuwa wengi, nimesimama karibu siku nzima. Nimeketi mara mbili tu. Mara zote mbili imezima!

Hapo akili ikafunguka. Si mara ya kwanza. Mimi nikiketi tu, inazima. Nikiinuka, inarudi. Kumbe kuna mtu ananichungulia! Ananisubiri niketi, anazima swichi kubwa ya nje, akiniona nimesimama anawasha. Nani anajua swichi kubwa iko wapi? Nani ana bisibisi mfukoni mwaka mzima? Godlisten!

Nimetia kufuli kwenye boksi la swichi. Tuone.

Ijumaa, 10 Januari

Siku mbaya. Naandika kwa kifupi.

Mwalimu Jovina alikuja kuchukua sare. Zilikuwa zimekamilika kumi na saba. Herieth alikuwa barazani anapiga pasi ya mkaa, malori yanapita, vumbi linatua juu ya mashati meupe. Cheche ilikuwa imetoboa kola ya shati moja. Mwalimu akaliinua kwenye mwanga, akaangalia lile tundu. Kisha akaangalia ndani: zulia jekundu, mashine inapiga taa, mimi na kiti changu. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

Akamwambia Herieth, "Mama Adelina, mie nilikuletea wewe kwa sababu ya usafi wako." Akakusanya vitambaa vilivyobaki na kuvuka barabara. Kavipeleka kwa Salma, fundi wa ng'ambo.

Herieth akamwaga mkaa wa pasi. Kisha akachukua mkasi na futi yake, naye akavuka. Kaenda kuomba kibarua kwa Salma. Anashona vitambaa vilevile, kwa jina la mtu mwingine.

Iliniuma. Nasema kweli, iliniuma. Lakini nikaona pia kwamba sasa fremu nzima iko wazi, na kesho kuna mashindano.

Jumamosi, 11 Januari

Mashindano ya mpira wa gemu, kijiwe cha Boko dhidi ya kijiwe cha Mbweni. Pikipiki thelathini nje! Nilisimama tangu saa mbili asubuhi, napanga watu, napokea pongezi. Mashine haikutikisika. Nikasema mwaona, Herieth alipoondoka umeme umepata nafasi.

Fainali: Badru na jamaa wa Mbweni. Mbili kwa mbili, dakika ya mwisho, Badru yuko peke yake na kipa. Nikaona mwenye mashine lazima ashuhudie bao kwa heshima. Nikaketi.

Giza.

Mbweni wakasema hujuma. Boko wakasema wanga. Mtu akashika ukosi wangu. Nikapiga kelele kwamba ni Godlisten, kazima nje! Kumbe Godlisten alikuwa nyuma yangu, ana soda mkononi, na kufuli langu liko palepale.

Akaniambia, "Shemeji, hebu inuka." Nikainuka. Ikawaka. "Kaa." Nikakaa. Ikazima. "Inuka." Mara tatu, mbele ya vijiwe viwili. Mara ya nne umati wote ukawa unaniamrisha kwa pamoja.

Akafunua zulia. Kiungo changu cha waya kimebapa, solotepu imeungua, na gurudumu la kiti limeacha alama yake hapo hapo. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alikuwa anamtazama dada yake.

Herieth alikuwa mlangoni, kelele zimemleta, uzi mweupe umening'inia begani. Akaangalia waya. Akaangalia kona iliyokuwa na meza yake. Akauliza, "Yaani tangu siku ile ni kiti?" Nikamweleza kwamba kitaalamu si kiti, ni kiungo. Akasema sawa. Akavuka barabara kurudi kazini.

Jumatatu, 13 Januari

Shule zimefunguliwa. Watoto wamepita na mashati mapya, kola zimesimama. Mshono wa Herieth naujua hata kwa mbali. Kila mzazi anamsifu Salma.

Nimefikiri siku mbili. Wote wamekomalia kiti. Kiti! Nimekikalia ofisini miaka kumi na moja na hakikuzima hata feni. Kwa nini? Kwa sababu umeme wa mjini una nguvu, ukikanyagwa unapita tu. Huu wa Boko ukiguswa kidogo unalala. Nilisema tangu Jumanne.

Uamuzi: nahamia Kinyerezi! Shangazi ana chumba cha mbele, mitambo iko jirani, umeme unatoka bado mbichi. Nilijua Herieth atapinga. Hakupinga. Kanifungia nguo zote, mpaka koti la harusi na sweta ambalo sijalivaa tangu tutoke Moshi. Godlisten kaleta kirikuu, kigari cha mizigo, mwenyewe na kapakia mashine peke yake. Kumbe wakieleweshwa wanaelewa.

Waya nimeuunga upya, safari hii mizunguko sita ya solotepu. Zulia nimelikunja vizuri, maana ndilo litatangulia kutandikwa. Kiti kinakaa mbele na dereva kisije kikaumia. Mimi nitapanda nyuma.

Herieth kaniuliza jambo moja tu, kama naacha ufunguo wa kabati la vitambaa. Nikampa. Hata hatujawasha gari, nikamwona kaingiza meza ndani na kuchomeka pasi yake. Nikarudi mlangoni kumwonya asiiache kwenye plagi muda mrefu. Ile pasi ndiyo ilianza yote.