Mashine Niliyoinywesha Singani

Ijumaa, 28 Februari

Leo challa ya ofisi, siku ya kubariki vyombo vya kazi! Kesho kanivali. Mji mzima wa El Alto unanuka bia. Hakuna chombo cha kazi kilichoachwa kikavu. Mizani, printa, hata birika la chai, vyote vimenyunyiziwa pombe na kufungwa utepe ili Pachamama, mama yetu ardhi, avibariki mwaka mzima.

Mwezi ujao kiti cha mkuu wa maabara kitakuwa wazi. Ni mimi au Zenobia Apaza. Mimi nina miaka kumi na mmoja napima mita za umeme hapa, yeye ana minne. Mama mkwe ameshatangaza soko zima kwamba mkuu ni mimi. Sina pa kurudi.

Zenobia kaipa mashine kuu ya vipimo matone mawili. Mawili! Tena kayamwaga sakafuni. Ubahili gani huu? Mimi nilingoja mpaka Injinia Hortensia, mkurugenzi wetu, apite. Ndipo nikaimiminia singani, ile pombe yetu kali ya zabibu, nusu chupa. Chenga za karatasi za kurushia zilikuwa zimekwisha sokoni, lakini akili ni mali. Nilichukua kitabu cha maelekezo cha mashine yenyewe, kurasa zake zinang'aa, zina picha za rangi, nikakitoboa kwa panchi asubuhi nzima. Nani hukisoma? Mimi sijawahi. Nikapenyeza viganja viwili vya chenga kupitia matundu ya hewa. Injinia akasema kwangu mimi, Nicanor, kuna imani. Zenobia kanuna. Raha!

Jumatano, 5 Machi

Kichwa kinaniuma. Mashine haiamki.

Taa inawaka, feni zinazunguka, skrini nyeusi ti. Na kuna mita mia nne zinazotakiwa ziwe zimepimwa Jumatatu. Injinia ametuita mimi na Zenobia. Amesema atakayeiamsha ndiye atakayekaa kwenye kile kiti, na asiletewe maneno mengi.

Mashine yetu ni sanduku la chuma lenye nafasi nane. Ya kwanza kushoto inakaa kompyuta yenyewe, na hizo saba zilizobaki ni za kadi za kupimia. Zenobia akashauri tuchomoe kadi zote, tuiache kompyuta peke yake, tuone kama itawaka. Jasho likanitoka. Akifungua tu, atakutana na chenga zangu! Nikasema kwa sauti ya kikubwa kwamba haraka haraka haina baraka, kadi zipumzike kwanza siku moja. Akaniuliza zimechoshwa na nini. Maswali mengine ni ya kupuuzwa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefika alfajiri, kabla ya Zenobia. Nikachomoa kadi saba. Chenga kila mahali! Nimezikusanya, mifuko miwili ya koti imejaa. Nikasahau kuandika kadi ipi imetoka wapi. Nimezirudisha kwa mpango wangu, kuanzia nzito hadi nyepesi. Kompyuta yenyewe sikuigusa, maana imefungwa kwa skrubu nne na bisibisi yangu haikuingia. Nikawasha. Nyeusi ti.

Saa tatu Injinia akaja kuulizia kitabu cha maelekezo. Moyo paa! Nikasema ninacho nyumbani, nakisoma kabla ya kulala. Akafurahi sana. Akasema nikilete kesho.

Zenobia akacheka kicheko chake cha puani. "Kaka Nicanor, mbona koti lako linamwaga maua?"

Kweli bwana. Nilikuwa nimeacha mstari wa chenga kutoka maabara hadi chooni. Nikasema ni za kanivali, mke wangu hafui. Mungu anisamehe, mke wangu hufua kila siku.

Ijumaa, 7 Machi

Ijumaa ya kwanza ya mwezi, siku ya kumfukizia Pachamama! Nimeng'amua kila kitu. Mashine imesusa kwa sababu ya yale matone mawili ya Zenobia. Nikanunua furushi la sadaka, lina mitishamba, peremende na mafuta ya mnyama lama. Wenzangu walipotoka kula salteña, zile sambusa zetu za mchuzi, nikaweka jiko la mkaa chini ya meza ya mashine.

Moshi ulipanda vizuri, mzito. King'ora kikalia.

Jengo zima likakimbilia uani, mvua ya mawe inapiga, watu na salteña zao mkononi, mchuzi unawachuruzika hadi kwenye viwiko. Injinia alinikuta nimepiga magoti. Nikasema naongea na mashine. "Wewe Nicanor! Wenzako wote wanafukiza uani, wewe una mungu gani wa ndani ya nyumba? Na kitabu kiko wapi?" Nikakohoa mpaka akaondoka.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekileta kitabu, nimekifunga kwa gazeti. Uongo ulikuwa umeniishia.

Zenobia alichomoa kadi zote. Kisha akatoa bisibisi yake, akafungua zile skrubu nne, akaitoa kompyuta. Kwa kibanio akavuta kitu kilichokwama katikati ya pini. Kiduara cha karatasi inayong'aa, kina namba 47. Injinia akauliza ni nini hicho. Nikasema vumbi. Injinia akafungua gazeti, akafunua kitabu. Ukurasa wa 47 ulikuwa chujio. Kiduara kikakaa kwenye tundu lake bila kubakiza nafasi. Kichwa cha ukurasa tu ndicho kilichosomeka: "Mashine Isipowaka."

Injinia akakifunga kitabu taratibu, Zenobia akainamia pini. Afadhali wangenipigia kelele.

Zenobia akasafisha pini kwa pamba na pombe ya maabara. Skrini ikawaka. Akarudisha kadi moja moja, kila moja mahali pake. Kufikia jioni mita zote mia nne zimepimwa, na kiti ni chake. Mimi kuanzia kesho niko stoo, nahesabu nyaya. Nimeumia. Nimelia kidogo chooni. Mama mkwe nimemwambia nimepandishwa, kwa sababu stoo iko ghorofa ya pili.

Ila kabla ya kutoka nilichungulia ile chupa ya Zenobia. Pombe asilimia tisini na tisa! Singani yangu ilikuwa arobaini tu. Kumbe ndiyo kasoro yenyewe, nilimpa Pachamama kitu hafifu. Stoo kuna printa mpya. Nimekadiria itahitaji lita moja.