Sekunde Kumi na Tisa za Saksafoni

Jumatatu, 4 Agosti
Redio ya taifa imetangaza kipindi maalumu cha jazi! Kila Jumamosi, saa tisa hadi tisa na nusu, bendi moja ya zamani. Yenye kadi nyingi za salamu ndiyo itakayopigwa. Yetu ilirekodi wimbo mmoja tu: dakika nne na sekunde kumi. Saksafoni yangu inaingia peke yake dakika ya tatu na sekunde mbili, inalia sekunde kumi na tisa. Hiyo ndiyo pumzi yangu yote iliyohifadhiwa duniani. Chombo chenyewe nilikiuza, kikageuka mabati thelathini na mawili, yako juu ya kichwa changu. Na mtaa mzima unaamini bendi ilikuwa ya Kijiti, kinyozi, eti kwa sababu alipiga dramu na ana picha ukutani!

Jumanne, 5 Agosti
Nimefunga kibanda changu cha ufundi redio mapema. Kadi arobaini, watumaji arobaini, wote nimewazaa kwa kalamu moja. Kila mmoja anasalimu watu wanane, wa mwisho mimi, mfalme wa saksafoni. Mama Watoto kachungulia, kauliza jamaa wote hawa nimewapata lini, na kwenye msiba wa shangazi walikuwa wapi.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimepeleka kadi redioni. Safari nne, kadi kumi kumi, kofia nne tofauti. Binti wa mapokezi, kuanzia safari ya pili, kanipokea kwa shikamoo mzee, umerudi? Kofia ya nne imenibana bure.

Jumamosi, 9 Agosti
Tumeshinda! Kadi arobaini na moja. Hiyo moja ya Kijiti, kajisalimu mwenyewe. Hana haya!
Nikatoa redio kubwa nje, majirani wakajaa. Mama Watoto kavaa viatu vyeupe, kama vile alivyovaa siku alipochungulia mlango wa studio tukirekodi, akashindwa kuondoka.
Mtangazaji akasema salamu ya mtu haikatizwi. Atasoma kila kadi, kila jina. Akasoma. Kadi moja, sekunde thelathini na nane. Kufika ya kumi nikaanza kupiga hesabu. Ya ishirini, jasho. Wimbo ulianza zimebaki dakika mbili na sekunde arobaini. Dramu za Kijiti, zote, sekunde hamsini! Kuimba kidogo. Kisha taarifa ya habari.
Makofi kwa Kijiti. Kanishika bega, kaniambia pole fundi, hata wewe ulikuwepo, mimi nakumbuka. Nilikuwepo!
Baadaye Mama Watoto alikuwa anaanua nguo. Nikamsikia anaumalizia wimbo kwa mdomo, saksafoni yangu nzima, hadi pale nilipokosea, pale nilipomwona mlangoni nikapoteza pumzi. Nikasimama nyuma ya shuka, sikukohoa. Alipomaliza nikamwambia ameharakisha, sekunde kumi na saba. Kanirushia kibanio.

Jumapili, 10 Agosti
Nimetafuta kosa, nimelipata: Kijiti. Nani alimruhusu sekunde hamsini?
Lakini kuna habari njema. Kwa wingi wa kadi, Jumamosi ijayo kipindi ni saa nzima, na bendi iliyoshinda inaruhusiwa kushindana tena. Nusu saa ilikula kadi arobaini. Saa nzima ina tumbo kubwa zaidi. Nimenunua mia. Kila mtumaji atasalimu watu kumi na wawili.