Marahaba Niliyomwitikia Baba Mkwe

Jamani, leo nimejivua nguo mchana kweupe. (Nguo ninazo. Heshima ndiyo imebaki ukumbini.)

Mnaonifahamu mnajua huwa naendesha michezo ya mezani ya kuigiza. Kwa msiojua: mnakaa watu wanne watano, kila mmoja anapewa mhusika, mnarusha dadu kuona kama jambo lenu limefanikiwa, na mimi nasimulia na kuwaigiza wengine wote waliobaki. Na wanyama. Michezo yangu ni ya kuchekesha tu, haina vita wala damu. Leo kulikuwa na tamasha la wapenzi wa michezo hiyo kwenye ukumbi mmoja hapa Nyamagana, nikapewa meza ya dirishani.

Sasa, Jumamosi ijayo washenga wangu wanakwenda Kisesa kupeleka posa kwa kina Pendo (wao Wasukuma, mimi Mhaya). Na baba yake Pendo, Mzee Shija, alishasikia kwamba kijana anayemtaka binti yake hushinda mezani akirusha dadu. Akahitimisha: mcheza kamari! Pendo akaniambia, "Nimemwalika aje aone mwenyewe. Akiridhika, washenga waje. Asiporidhika, wasijisumbue."

Mzee akafika na Pendo, koti mwilini, kofia kichwani, fimbo mkononi. Nikainama. "Shikamoo baba." "Marahaba." Pendo akamwachia kiti na kwenda sokoni kumchukua shangazi yake, ili warudi wote nyumbani.

Nikamkaribisha Mzee atazame. Masanja, mwanafunzi wa chuo asiyekosa meza yangu, akadakia, "Mzee, kutazama hakunogi. Cheza!" (Masanja, Mungu anakuona.)

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: kiboko mzee wa ziwani amemeza spika ya harusi, na wanakijiji wanakwenda kumbembeleza aitapike kabla maharusi hawajafika. Wahusika tunawagawa kwa kuchota kadi. Masanja akapata bwana harusi. Wasichana wawili waliokuja pamoja wakapata mpishi na mshereheshaji. Mzee Shija akachota, akaiweka kadi mbali na macho, akasoma kwa sauti: "Kabula. Msichana wa miaka kumi. Anakimbia sana."

Nikataka kumbadilishia haraka. Akanizuia kwa kiganja. "Nimepangiwa, nimepangiwa."

Na Mzee alicheza! Alikimbia kwa vidole viwili juu ya meza. Alimcheka mshereheshaji kwamba anaogopa maji. Akarusha dadu, akapata sita, akapiga kelele hadi meza za jirani zikageuka. Nikajisemea moyoni, posa imepita hiyo. Nikanogewa. Tulipofika ufukweni nikajaza mashavu upepo na kutoa sauti ya kiboko: "Naaani ananiamsha?"

Mzee akaweka fimbo chini. Akavua kofia. Akashuka kwenye kiti taratibu, goti moja, la pili, hadi sakafuni.

"Shikamoo babu kiboko."

Binti wa Kisukuma aliyelelewa haamkii mkubwa akiwa wima, na Mzee alikuwa anamfuata mhusika wake barabara. Lakini mimi namwitikiaje baba mkwe marahaba? Nikiitika, nimekosa adabu. Nisipoitika, salamu ya mtu mzima imelala chini, nimekosa adabu vilevile.

Nikajaribu ujanja. "Kiboko amesinzia," nikasema.

"Si ndiyo kwanza ameuliza nani anamwamsha?" akasema Masanja.

"Basi... shikamoo na wewe, baba," nikanong'ona.

Mzee akakunja uso. "Kiboko mzee anamwamkia mtoto? Kijana, mchezo wako mwenyewe hutaki kuucheza? Halafu magoti yanauma. Nimesema, shikamoo babu!"

Wenzake wakaanza kugonga meza: "I-ti-ka! I-ti-ka!" Nikafumba macho. Nikajaza mashavu. Nikaitika kwa sauti ya mnyama aliyeshiba: "Marahabaaa, mjukuu wangu! Inamisha na kichwa!" (Hilo la kichwa sijui lilitoka wapi. Namlaumu kiboko.)

Akainamisha. Nikafumbua macho. Mlangoni amesimama Pendo, na pembeni yake shangazi mtu, kikapu cha sato mkononi.

"Kaka! Unafanya nini hapo chini?"

Mzee hakuinuka. "Naomba spika."

"Spika gani?"

"Ya harusi. Huyu ameimeza."

Shangazi akanitazama. Mashavu yangu yalikuwa bado yamejaa.

"Huyu si ndiye mchumba wa Pendo?"

"Huyu ni kiboko," akasema Mzee, "na usimkasirishe, yuko karibu kutapika."

Nikaruka kutoka kitini. "Shikamoo shangazi!" Hakuitika. Alikuwa ameshatoa simu, anapiga picha.

"Nilisema mimi, Wahaya wanajisikia!" akafoka. "Posa bado, mtu anaitika marahaba! Akishaoa je?"

Mzee alinitetea kwa moyo wote, namshukuru. Alieleza kwamba yeye ni Kabula. Alieleza kwamba ana miaka kumi. Kila alivyozidi kueleza, ndivyo dada yake alivyozidi kumgusa kwenye paji la uso kuangalia kama ana homa. Pendo alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Hakuwa analia.

Wakati wanatoka Mzee akarudi hatua mbili, akaniinamia sikioni. "Si kamari. Nimeona. Spika ameitapika?"

"Ameitapika, baba."

"Vizuri."

Jioni Pendo akanipigia. "Baba amekupitisha." Nikashusha pumzi. "Ila shangazi ndiye anayepokea wageni, na anasema washenga waje na wewe. Utauamkia ukoo mzima, mmoja mmoja, umepiga magoti, kuanzia bibi hadi watoto wadogo. Na picha ameshairusha kwenye kundi la ukoo, kwa hiyo watakuja wengi."

Sasa hivi niko sebuleni, chini kwenye zulia, nafanya mazoezi ya kupiga magoti. Anayetaka kucheka acheke, ila kwanza aje aninyanyue.