Gereji ya Dakika Thelathini

Jumatatu, 4 Agosti

Corolla inalia. Mbele kushoto, kwe kwe kwe, kila nikikata kona. Mwaka mzima ilikuwa kimya. Imechagua wiki hii!

Jumamosi ni kikao cha mahari ya Shamimu, mtoto wa dada yangu Zuleha, huko Matombo. Saa nne asubuhi. Mimi ndiye mjomba mkubwa. Kwetu Waluguru baba wa binti anaheshimiwa, anapewa kiti na maji ya kunywa, lakini neno la kuwaambia wakwe kwamba tumewasikia hulitoa mjomba. Neno hilo nimelisubiri tangu Shamimu anatambaa. Nalifanyia mazoezi bafuni. Nisipofika, atakayelitoa ni Maneno, mdogo wangu anayeishi hukohuko.

Jioni Maneno huyo kapiga simu. Kanisalimia vizuri, kauliza hali ya mke wangu, halafu kauliza kama gari liko sawa. Kwa nini aulize gari? Nimemjibu liko sawa kabisa.

Jumanne, 5 Agosti

Fundi wangu wa zamani kahamia Dumila. Imebaki gereji mpya ya njia ya Bigwa, yenye bango kubwa: DAKIKA THELATHINI TU. Gari sikulipeleka. Kwanza kupeleleza! Nimekaa kwa mama wa chai ng'ambo ya barabara toka saa mbili hadi saa sita. Chapati tano. Yameingia magari tisa. Yametoka tisa, kila moja ndani ya nusu saa, vilevile kama bango linavyosema.

Hapo ndipo niliposhtuka. Fundi gani anamaliza kwa wakati aliousema? Miaka thelathini na moja nimetunza stoo ya kiwanda. Mtu akitoka stoo haraka haraka, mpapase.

Nimejiandaa. Nimetoa kwenye gari kila kinachoibika: redio, spea tairi, jeki, spana ya magurudumu, makapeti, hata kitambaa cha kufutia kioo. Vyote viko uvunguni. Kisha nimechukua rangi ya kucha ya mke wangu, Chausiku, nikatia nukta nyekundu kwenye betri, plagi na altaneta. Wakibadilisha kitu nitajua. Chausiku kaniuliza rangi yake iko wapi. Nimemwambia watu siku hizi si waaminifu.

Jumatano, 6 Agosti

Njiani kwenda gereji, Noah nyeupe nyuma yangu. Nikienda taratibu, honi. Nikisimama kumpisha mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani, honi. Mwisho ikanipita kwa kushoto, nje ya barabara kabisa, ikanimwagia vumbi lote la Bigwa. Namba zake nimeziandika nyuma ya daftari hili. Siku yake ipo.

Fundi anaitwa Abdi. Kijana mrefu, waya wa simu sikio moja, anatengeneza magari matatu kwa mpigo huku anaimba. Kalitikisa tairi mara moja tu, kasema, "Boljoint hiyo, kiungo cha tairi, mzee wangu. Usiwaze. Fasta tu." Kauliza jeki yangu iko wapi. Nikamwambia atumie ya kwake. Kaguna.

Nilimsimamia muda wote. Kila alichofungua nilitaka nikishike kwa mkono wangu. Alipokuwa anarudisha tairi, nati ndiyo kwanza kazishikiza kwa vidole, nikaangalia betri. Haina nukta! Nikapiga ukelele. Abdi akaacha tairi akaja mbio. Tukaigeuza betri. Nukta ilikuwepo, upande wa pili. Nikamwambia haya, endelea na kazi. Lakini mwenye pikapu anamwita huku, mwenye bajaji anamwita kule. Abdi akashusha jeki, akabamiza boneti, akasema tayari. Dakika ishirini na nane!

Hakuna kilichoibiwa. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Alhamisi, 7 Agosti

Kwe kwe imekwisha. Sasa ni ko ko ko.

Nimempigia Abdi. Kasema nilirudishe gari aliangalie, dakika mbili, bure. Bure! Jana sikumpa nafasi ya kuiba, leo anaitafuta kwa bure. Sirudi ng'o. Chausiku kasema nirudishe. Nimemweleza kwamba hawajui mafundi.

Maneno kapiga tena. Kasema Jumamosi anaweza kushuka na pikipiki yake alfajiri anichukue. Mpango wake nimeuelewa. Niingie Matombo nimemkumbatia kiunoni, watu waone nani kambeba nani! Nimemshukuru sana, nimekataa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Mji umefurika watu wa maonyesho. Baada ya swala nimetoka kuweka mafuta, foleni haisogei. Nani yuko nyuma yangu? Noah nyeupe! Honi, taa, honi. Dereva katoa mkono nje, ananionyesha kidole chini, kwenye tairi langu la mbele. Halafu akauzungusha mkono hewani, kama anayesema nina wazimu. Nami nikamzungushia wa kwangu.

Foleni ilipofunguka akanipita, akapunguza mwendo mbele yangu, akawasha taa za hazadi. Aha! Utapeli huo naujua, ulitangazwa kwenye kundi letu la WhatsApp la wastaafu. Wanakwambia tairi lako bovu, unasimama, wanakukomba mpaka viatu. Nikamzunguka nikakanyaga mafuta. Ko ko ko ko mpaka nyumbani. Nimewatoroka.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika uani kwa dada, Matombo. Jua linazama.

Tulitoka saa moja asubuhi. Kanzu, koti, kofia mpya. Tumepita Kiroka salama, nikaanza kulirudia neno langu kwa sauti. Kwenye mteremko mmoja kabla ya Mkuyuni nikaona kitu kinanipita kwa kushoto. Nikapiga honi. Nikasema watu hawa hawana adabu hata milimani! Chausiku akasema polepole, "Baba Hafidha, hilo ni tairi letu."

Likaendelea peke yake, likakata kona vizuri kuliko mimi, likaingia kwenye migomba. Ndipo gari likainama, likasugua chini, likasimama. Hatukuumia, alhamdulillahi. Nikafungua buti nitoe jeki. Buti tupu. Kila kitu kiko uvunguni, Morogoro. Chausiku aliniangalia, akatandika khanga kando ya barabara, akakaa. Heri angesema.

Saa tatu ikatokea Noah nyeupe. Ndani wazee wanne wa kanzu na akina mama wawili. Dereva akashuka, akanipa shikamoo. Anaitwa Mansuri. Akasema jana alinionyesha mpaka mkono ukamuuma kwamba tairi linacheza, nati zimelegea. Nikamuuliza anakwenda wapi. Matombo, anawapeleka wazee wake kwenye mahari ya mdogo wake. Wakwe zetu hao! Wakasogeana, wakanipisha kiti cha mbele kwa heshima zote.

Nikafikiri haraka. Mjomba wa binti ashuke kwenye gari la waposaji? Nikishakalia kiti chao nitawakatalia nini? Hiyo ni rushwa! Na gari langu libaki peke yake barabarani? Na nani kasema hawakulipanga wao? Nikawaambia watangulie, nakuja. Chausiku akapanda. Mke wangu mwenyewe! Na mkanda akafunga.

Bodaboda tatu nilizikataa, zilikuwa zinaniangalia sana. Ya nne nilipanda saa nane.

Nilipofika, sahani zilikuwa zinaoshwa. Neno lilishatolewa. Maneno aliponiona akanyanyuka kwenye kiti, akanifuta vumbi begani kwa leso yake. Nikakaa. Hakuna aliyekuwa na la kuniuliza. Shamimu akaja kunipa mkono, macho mekundu. Akasema alijifungia chumbani, wageni wakakaa mpaka adhuhuri, akakataa kutoka mpaka mjomba Hatibu afike. Baba yake ndiye aliyemsihi mlangoni mpaka akafungua. "Nilijua utakuja, mjomba," akasema.

Niliumia na bado naumia. Pilau walilonibakizia nimelirudisha.

Jumapili, 10 Agosti

Maneno kaondoka na pikipiki kabla hatujaamka. Tairi kalitafuta kwenye migomba, kalipata. Kachomoa nati moja moja kwenye matairi mengine matatu, kalifunga kwa jeki na spana za kuazima. Kisha katusindikiza nyuma mpaka Morogoro, taratibu, hakupiga honi hata mara moja. Shamimu tumekuja naye. Kesho anakwenda kwa fundi nguo mjini kupimwa gauni la harusi, na kasema anayempeleka ni mjomba Hatibu, hataki mwingine. Nimefurahi mpaka nimejifanya nafuta jasho.

Maneno nimemshukuru. Kanywa chai, kaondoka. Alipoishia kwenye kona nikahesabu nati. Zilikuwa kumi na sita. Sasa ni kumi na mbili! Yeye anasema nne zilidondoka njiani. Njiani! Na kwa nini amezikaza namna ile? Nimeitoa spana uvunguni, nimeipanda kwa miguu yote miwili ndipo moja ikakubali. Mtu hakazi kitu namna hiyo kama hana anachoficha.

Basi nimezilegeza zote kidogo kidogo, ili asubuhi nizikague bila tabu, mwanga ukiwepo. Nikikosa nafasi asubuhi nitazikagua jioni, tukisharudi. Shamimu anataka tutoke saa moja na nusu, na safari hii mjomba hachelewi.